Henga ya 703

Mama Sebin hakusalimia. Aliingia duka la dobi, akasimama mbele ya meza ya pasi, akachomoa henga kutoka kwenye mfuko kwa ncha za vidole viwili na kuidondosha juu ya shati la mteja lililokuwa likingoja kukunjwa.

"Hii ni ya nani?"

Mama Garam alizima pasi. Ilikuwa henga nyeusi ya plastiki, ya zile ambazo maduka ya nguo hukupa bure ukinunua koti. Ila mabega yake yalizungushiwa uzi wa sufu wa zambarau, ukabanwa vizuri ili blauzi isiteleze. Hakuna mwanamke katika jengo la tatu ambaye hakuujua mkono ule. Bibi Gil wa namba 703 alizivisha henga zake zote namna hiyo. Na Bibi Gil alifariki mwezi wa tisa, peke yake, akakaa siku kadhaa kabla mtu hajagonga mlango.

"Ya Bibi Gil," alisema Mama Garam. "Umeipata wapi?"

"Ananiuliza nimeipata wapi!" Mama Sebin alimgeukia Mama Dohyeok, jirani yake wa mlango wa pili, ambaye alikuwa amekuja naye ili asikie. "Koti la mwanangu mmenirudishia juu ya henga hii. Ndani ya nailoni yenu, na kikaratasi chenu kimebanwa. Koti limeingia ndani, kesho yake mtoto akashikwa na homa. Mpaka leo haijashuka."

"Pole. Lakini homa msimu huu kila nyumba..."

"Usinifundishe homa, Mama Garam."

"Dongti," alisema Mama Dohyeok kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

Hakuna aliyecheka. Watu wa jengo lile walikuwa na simu za kisasa na magari ya umeme, lakini hakuna aliyekuwa tayari kuingiza kwake kitu cha marehemu bila kujua kimetokaje huko. Hiyo ndiyo dongti: kitu kama hicho huingia na kinyongo cha mwenyewe, na kinyongo humshika aliye mdogo kuliko wote.

"Nisikilize vizuri," Mama Sebin alisema. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya akina mama, na alipotaka kuumiza alishusha sauti. "Kila siku ya kutenga taka tunakuona pale chini unaokota henga. Tumenyamaza. Tukasema ni maisha, kila mtu na riziki yake. Lakini kutuvisha vitu vya maiti? Jumapili wakazi tunakaa, na mkataba wa duka lenu uko mezani. Ile kampuni inayofuata nguo ukiagiza kwa simu inatoa henga mpya kila mara. Mpya! Mimi nitasema ninachokijua."

Akaondoka. Mama Dohyeok alibaki kidogo, akaonekana kutaka kusema neno la huruma, kisha akasema: "Sketi yangu ile ya kijivu, kama hamjaifua, naomba niichukue tu."

*

Baba Garam alirudi kutoka ghorofa za juu akiwa na rundo la makoti begani. Miaka yote alifanya kazi hiyo kwa namna moja: anapanda kwa lifti hadi juu kabisa, anashuka kwa ngazi, na katika kila ukumbi anaita "Uuudobi!" mpaka milango ifunguke. Siku hiyo milango ilifunguka michache.

"Koti la mtoto wa Mama Sebin, 1204," mkewe alimwuliza kabla hajautua mzigo. "Henga ile uliitoa wapi?"

"Henga gani?"

Alimwonyesha kwa kidevu. Alipoutambua uzi ule alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi siokoti henga. Mnaookota ni wewe na Mama yangu."

"Siku ile watoto wa Bibi Gil wanatupa vitu vyake, niliwaambia nini nyote wawili?"

"Kwamba tusiguse hata kijiko."

"Sasa hii imetembea yenyewe?"

"Muulize Mama."

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye ulikuwa unaingia 703 kila wiki kuchukua nguo zake."

Baba Garam alimtazama mkewe. Alielewa kuwa swali hilo halikuwa la henga tu. Kule juu watu walikuwa wameshaanza kujiulizauliza: dobi alikuwa akifunguliwa mlango na yule bibi, dobi alijua pesa za bibi zinakaa wapi, dobi aliita siku zile na hakujibiwa na bado hakumwambia mlinzi. Alikuwa ameyasikia kwenye lifti, yakisemwa na watu waliojifanya hawamwoni.

"Na wewe pia?" alisema.

Mama Garam aliiwasha tena pasi. Mumewe akaitia henga ndani ya mfuko mweusi, akaufunga mafundo mawili, akauning'iniza nje nyuma ya duka karibu na bomba. Kisha akanawa mikono, na baada ya kunawa akaifuta tena kwenye suruali.

*

Henga za plastiki zilikuwa kero ya jengo zima. Hazikubaliki kwenye plastiki kwa sababu ya ndoano ya chuma, hazikubaliki kwenye chuma kwa sababu ya plastiki, na mlinzi aligombana kila wiki na watu waliozitupa walipojisikia. Mama Garam ndiye aliyesema, "Nipeni mimi." Alizichukua nzima, akaacha zilizovunjika, na duka likaacha kununua henga. Mlinzi alimshukuru. Akina mama walimshukuru pia, wengine kwa kicheko kidogo kilichomfuata mgongoni.

Kuziosha ilikuwa kazi ya mama mkwe. Na hapo ndipo ugomvi wao ulipokuwa ukiishi.

Mama Garam alimkuta kwenye kibaraza cha nyumba, amechuchumaa mbele ya beseni jekundu la kutengenezea kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, glavu za mpira hadi viwikoni. Maji yalikuwa yamejaa henga, na chumvi ya mawe ilikuwa bado haijayeyuka chini.

"Mama, tumeshaongea mambo ya chumvi."

"Umeongea wewe."

"Henga zinashika kutu. Nimeshalipia blauzi ya watu. Sabuni inatosha."

"Sabuni inatoa uchafu," alisema bikizee bila kugeuka. "Haimtoi mtu."

Mama Garam alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama, uliokota henga za 703?"

Mikono ndani ya maji ilisimama.

"Nani anauliza?"

"Mama Sebin. Jengo zima. Mimi."

"Nilisimama pale kutazama. Yule alikuwa rafiki yangu. Watoto wake hawakufika hata siku ya kuzaliwa kwake, siku ile wakaja na lori. Nilitazama wanavyotupa. Sikuchukua kitu."

"Hata henga moja?"

"Umeniuliza, nimejibu. Ukitaka jibu jingine, jitungie."

Maneno hayo yangemtosha mtu mwingine. Lakini Mama Garam alikuwa ameshaliona akilini duka likiwa na bango la kampuni nyingine, na alimjua mama mkwe wake: mwanamke aliyekulia njaa ya baada ya vita, asiyeweza kuiacha hata kamba ya kufungia mboga. Bikizee alipokwenda kwenye chumba cha wazee kucheza karata, Mama Garam alifungua kabati lake la mablanketi.

Alipekua haraka, kama anavyopekua mifuko ya suruali kabla ya kufua. Nyuma ya mto wa majira ya baridi kulikuwa na mfuko. Ndani ya mfuko, donge la uzi wa sufu wa zambarau. Na henga moja ya plastiki, bega la kushoto limeshazungushiwa, la kulia tupu.

"Endelea," sauti ilisema nyuma yake.

Bikizee alikuwa amerudi kuchukua miwani.

"Endelea, mwanangu. Sidiria zangu ziko droo ya chini."

"Mama, huu uzi..."

"Alinipa akiwa hai. Alikuwa ananifundisha. Mkono wangu mzito, sikumaliza." Alisogea, akauchukua mfuko kutoka mikononi mwa mkwewe taratibu, akaufunga. "Lakini huamini. Naona usoni. Miaka yote nakula mezani kwako, kumbe unanihesabu na wezi."

"Sikusema mwizi."

"Ulifungua kabati."

Jioni ile walikula supu ya mwani, bikizee akiwa amewapa mgongo. Kabla ya kulala bikizee alimpigia simu binti yake aliyeko mji wa Suwon na kumwambia, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba kesho jioni atakuja kukaa kidogo, na kidogo hiyo haijui urefu wake.

*

Jumamosi ndiyo siku ambayo duka hujaa. Jumamosi hiyo kengele ya mlango ililia mara nyingi, lakini kila aliyeingia aliingia kuchukua. Walitaka nguo zao hata kama hazijafuliwa. Wengine walikuja na henga zao kutoka nyumbani, wakahamisha nguo palepale mezani na kuacha henga za duka kama wanavyoacha mifupa kwenye sahani. Mama Garam alisema ahsante, karibu tena, ahsante, karibu tena.

Mwalimu Pyo wa ghorofa ya pili, mtu asiye na mke wala habari za jengo, alikuja kama kawaida yake, na kama kawaida yake alilalamika.

"Mama Garam, shati langu tena. Ona kola." Alionyesha alama ndogo ya rangi ya machungwa kwa ndani. "Kutu. Henga zenu zote zina kutu shingoni. Zote! Nyumbani kwangu naweza kuzitambua nikiwa nimefumba macho."

"Samahani, mwalimu. Tutalirudia bure."

"Kila mara mnalirudia, kila mara mnalirudisha kwenye henga ileile."

Alipoondoka, Mama Garam alibaki na shati mkononi. Aliitazama henga. Pale ndoano ilipoingia kwenye plastiki palikuwa na pete ya kutu. Akainua macho kwenye reli iliyopita juu ya kichwa chake, akavuta henga ya kwanza. Kutu. Ya pili. Kutu. Akaenda akivuta nailoni moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa reli, na mumewe akaacha kushona kitufe ili amtazame.

"Unatafuta nini?"

Alitoka nyuma ya duka, akakata mfuko mweusi kwa mkasi, akairudisha ile henga ndani na kuiweka chini ya taa ya meza ya pasi.

Ndoano yake iling'aa kama kijiko kipya.

"Hii haijawahi kuingia kwenye beseni la Mama," alisema.

"Eh?"

"Baba Garam, simama. Hebu nionyeshe ulivyopokea koti la 1204."

"Nani anakumbuka koti moja?"

"Usikumbuke. Fanya. Umeita, mlango umefunguka. Nani amefungua?"

Baba Garam alisimama katikati ya duka, akaona aibu, kisha mwili wake ukaanza kazi inayoijua. "Uuudobi... Baba Sebin. Alikuwa na mswaki mdomoni. Akaingia ndani, akatoka na koti." Mkono wake wa kushoto ulijinyoosha. Kidole cha shahada kilijikunja.

Wote wawili walikitazama kidole.

Nguo isiyo na henga aliipokea kwa kulaza mkono. Nguo yenye henga aliipokea kwa kidole, akiitundika kwenye ndoano. Na nguo iliyokuja na henga yake ilirudi na henga yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya duka tangu enzi za baba yake.

"Ilitoka kwao," alisema Baba Garam polepole. "Henga ilitoka ndani kwao."

"Sasa ndani kwao ilifikaje?"

*

Mama Garam alipanda kwa lifti akiwa na henga mbili mkononi, yenye kutu na isiyo na kutu. Mama Sebin alifungua mlango kadiri mnyororo ulivyoruhusu.

"Kama umekuja kuomba msamaha, subiri kesho, uombe mbele ya watu."

"Nimekuja kumjulia hali mtoto."

"Anaumwa."

"Ni dobi?" Baba Sebin aliuliza kutoka ndani kwa furaha ya mtu ambaye hajaambiwa lolote. "Mwambie ana suti yangu. Karibu ndani, Mama Garam, baridi hiyo!" Akaja mwenyewe, akatoa mnyororo, akafungua mlango wote.

Mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa wazi. Mvulana alikuwa amelala chini ya blanketi, mashavu mekundu, akicheza mchezo kwenye simu. Nyuma yake, limejaza ukuta mzima, lilisimama kabati jeusi lililopambwa kwa vipande vya kombe za baharini: korongo wawili, msonobari, na mwezi uliopasuka kidogo kwenye ukingo. Hakuna duka lililouza kabati la namna ile siku hizi. Hili Bibi Gil aliletewa na wazazi wake alipoolewa. Mama Garam alikuwa akiingiza mablanketi safi ndani yake kwa mikono yake, kila mwisho wa baridi.

Alilitazama. Mama Sebin alimtazama akilitazama.

"Baba Sebin," alisema Mama Sebin, "nenda kanunue dawa ya kikohozi."

"Si ipo?"

"Nenda kanunue!"

Mlango ulipofungwa, walibaki wamesimama kwenye ukumbi mdogo wa viatu. Mama Garam aliziinua zile henga mbili.

"Zangu zote zina kutu. Mama mkwe anaziosha kwa chumvi. Jengo zima linazilalamikia. Hii ya Bibi Gil haina hata doa."

"Unataka kusema nini?"

"Nimeshasema."

Mama Sebin aliegemea ukuta. Bila lile jicho la uenyekiti alionekana kama mtu aliyekosa usingizi kwa wiki nzima, na ndivyo ilivyokuwa.

"Lilikuwa linakwenda kuvunjwa," alisema. "Wale watoto wake walikuwa na shoka, Mama Garam. Shoka! Kabati kama lile. Tukalichukua asubuhi yake kabla watu hawajaamka. Nililifuta vizuri. Henga zote zilizokuwa ndani nilizitupa, nilidhani nimezitupa zote. Koti liliporudi na ule uzi... nilijua ni yeye amerudi. Nikasema labda ni nyie. Nilitaka iwe ni nyie."

"Ukapanda na kushuka na uongo huo jengo zima."

"Sikujua kama ni uongo."

"Ulijua una nini chumbani."

Mtoto alikohoa. Mama wote wawili, yule wake na yule wa watu, waligeuka kwa pamoja.

"Utasema kesho?" Mama Sebin aliuliza.

Mama Garam alikuwa amekuja akiwa na jibu tayari. Angesema, na angesema kwa sauti, na angeona uso wa Mama Dohyeok ukigeukia upande mwingine. Lakini alimwona mtoto, akaona pia jinsi hadithi hiyo ingetembea: kwanza ya henga, kisha ya kabati, kisha ya mtoto, na mwisho mvulana asiye na kosa angekaa peke yake kwenye uwanja wa michezo.

"Inategemea wewe utasema nini," alijibu. "Mimi nina duka. Na nina mtu nyumbani kwangu niliyemfungulia kabati kwa ajili yako. Utasimama kesho na kusema henga haikuwa yetu. Ilitoka wapi, sitaki kujua. Tafuta maneno, wewe unayajua kuliko mimi."

"Na watu wakiniuliza?"

"Watakushuku. Mimi wamenishuku tangu jana, na bado nimekula."

Alivaa viatu. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa Mama Sebin alipomwita tena, kwa sauti ambayo Mama Garam hakuwahi kuisikia kwake.

"Ile chumvi. Mama mkwe wako anaweka kiasi gani?"

"Muulize mwenyewe. Kama hajaondoka."

*

Bikizee alikuwa ameketi dukani karibu na mlango, koti limefungwa hadi shingoni, begi miguuni. Basi la Suwon lilikuwa bado. Mwanawe alikuwa amemweleza habari za kutu na kummiminia chai ya shayiri ambayo hakuigusa.

Mama Garam alirudi nyuma ya meza. Alizitundika zile henga mbili kwenye reli, bega kwa bega, ya zambarau na ya kutu. Alitaka kusema neno, akaona kwamba maneno yote anayoyajua ni ya wateja: samahani, tutalirudia bure.

"Mama," alisema mwishowe. "Chumvi iliyobaki kwenye gunia ni kidogo. Ninunue ipi?"

Bikizee alitazama nje kupitia kioo. Mashine ilikuwa ikikausha nguo chache zilizobaki.

"Ya mwaka huu ni chungu," alisema. "Chukua iliyokaa. Ikishikwa isiloweshe mkono, ndiyo hiyo."

"Gunia moja?"

"Mawili. Kuna mtu atakuja kuomba."

Mama Garam alishtuka. "Umejuaje?"

"Nilikwambia nilisimama nikatazama wanavyotupa. Jioni kabati lilikuwepo pale chini. Asubuhi halikuwepo, na lori lilikuwa halijarudi." Alivuta kikombe cha chai. "Hukuniuliza nimeona nini. Uliniuliza nimechukua nini."

Baba Garam aliinama, akakazania kitufe alichokuwa amekimaliza kitambo.

Bikizee alifungua zipu ya begi, akatoa lile donge la uzi na ile henga iliyovaa nusu, akaanza kulizungushia bega la kulia, vibaya, akibana mno. Baada ya mizunguko michache aliinua henga kwenye taa, akakagua shingo yake iliyoshika kutu.

"Na huyu mwalimu wako wa kola?"

"Nitashona kitambaa pale shingoni," alisema Mama Garam. "Kutu isionekane."

"Acha," alisema mama mkwe wake. "Acha ionekane."